Ekzosi ya gari ya silinda nne: sailensa ya nyuma tu, bomba zima, heda au stret?

Swali la ekzosi haliishi. Mmoja anakwambia weka inchi tatu gari itaruka, mwingine anakwambia usiguse utaua injini, wa tatu yeye anasema toa masega (kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba) tu mkuu gari inakuwa nyepesi, na ukiwasikiliza wote watatu unarudi nyumbani umechanganyikiwa kuliko ulivyotoka. Sa ngoja tuziweke hizi njia upande kwa upande ili mwenye IST, mwenye Altezza RS200 na mwenye Forester ya turbo kila mmoja ajue hela yake inaenda wapi, maana wote hawa wana silinda nne ila ekzosi haiwafanyii kazi moja.

Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: kama gari yako haina turbo, ekzosi unanunua mlio. Nguvu ipo lakini ni kidogo, mara nyingi haifiki hosipawa kumi na kwa vigari vya 1.5 ni mbili tatu tu ambazo hata ukiwa umekaa kwenye usukani huzisikii, unachosikia ni kelele na kelele inakudanganya kwamba unakimbia. Kama ina turbo hapo habari ni nyingine kabisa na nitaifikia. Hakuna ubaya kununua mlio lakini, mi mwenyewe napenda gari inayolia vizuri, ila jua unanunua mlio ili uchague kwa masikio, usichague kwa kuangalia ukubwa wa tundu la nyuma.

Kwanini iko hivyo? Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo. Kwenye silinda nne kila kranki ikizunguka mara mbili yanatoka mapigo manne, kwa hiyo ukiwa kwenye RPM 3000 ni mapigo 100 kila sekunde. Pigo likishapita bombani linaacha nyuma yake presha ndogo na hiyo presha ndogo ndo inamvuta mwenzake anayekuja, bomba likiwa saizi yake moshi unakimbia na kazi ya kuutoa kwenye silinda inakuwa rahisi. Ukiweka bomba kubwa kupita kiasi moshi unapunguza mwendo, unapoa, kule kuvutana kunakufa, na gari inakuwa nzito kuondoka kwenye mataa. Watu wakiona hivyo ndo wanasema "injini inahitaji bakipresha". Hapana aisee, hakuna injini inayofurahia kubanwa, inachotaka ni mwendo wa moshi, na bomba kubwa limeua mwendo.

Kuna makadirio ambayo watu wa ekzosi wanayatumia sana na yanatosha kabisa kwa matumizi yetu: bomba moja la inchi 2 linahudumia mpaka kama hosipawa 140, inchi 2 na robo kama 185, inchi 2 na nusu kama 230, na inchi 3 inaenda 300 na kitu huko. Sasa chukua IST ya 1.5 yenye injini ya 1NZ, imetoka kiwandani na kama 109. Yaani inchi 2 tu inambakizia nafasi. Altezza RS200 ya manyuo ina 210 kwenye RPM 7600, huyu inchi 2 na robo mpaka 2 na nusu anaitumia kweli. Forester SG5 ya turbo ina 220 na turbo yenyewe inapenda uwazi, huyu ndo mtu wa inchi 3. Halafu kumbuka bomba la inchi 3 halijazidi la inchi 2 kwa nusu kama macho yanavyodhani, ukipiga hesabu ya eneo la tundu ni mara mbili na robo. Ndo maana nikiona Vitz ina bomba la inchi 3 huwa nacheka tu kimoyomoyo.

Haya, njia zenyewe.

Sailensa ya nyuma tu

Hii ndo rahisi kuliko zote na ndo inayorudishika, ukichoka unarudisha ya zamani na maisha yanaendelea. Unakata au unafungua boliti kule nyuma ya ekseli, unafunga nyingine, masega hayaguswi, sensa haziguswi, taa ya cheki injini haina sababu ya kuwaka. Nguvu hapa ni sifuri kwa mtazamo wa kawaida, kwa sababu panapobana zaidi ni huko mbele.

Ila mlio unabadilika, na unabadilikaje inategemea tumbo la sailensa. Ziko za chemba, ndani zina kuta na vyumba, moshi unazunguka zunguka kabla ya kutoka, hizi zinapooza sana na ndo za kiwandani. Na ziko za moja kwa moja, ndani ni bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, moshi unapita bila kukatizwa na pamba ndo inameza kelele. Za moja kwa moja zinalia vizuri zaidi zikiwa mpya, shida yake pamba inaungua taratibu na kutolewa na moshi kidogo kidogo, kwa hiyo sailensa iliyokuwa inanguruma kistaarabu baada ya muda inaanza kupiga makelele na mwenye gari anakuwa hajagundua maana amezoea. Jirani ndo anagundua.

Hapa kuna mashindano ya aina mbili: used ya Japani dhidi ya mpya ya dukani isiyo na jina. Mi nipo upande wa used ya Japani, na sababu sio ushamba wa majina. Japani wana chama chao cha watengeneza sailensa za michezo, JASMA, na sailensa zilizopita kwenye vipimo vyao zinakuwa na kibati chenye maandishi ya JASMA kimepigwa kwenye mwili wa sailensa. Kule gari nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 kikomo cha kelele kikipimwa karibu na bomba ikiwa imesimama ni desibeli 96, kwa hiyo kibati kile kinakwambia sailensa hii ilipotoka kiwandani ilikuwa inaishi na majirani. Fujitsubo Legalis R kwa mfano ina tabia hiyo, inanguruma chini chini bila kukuchosha. HKS Hi-Power nyingi ni kubwa na wazi zaidi, nzuri kwa turbo, ila kwenye 1.5 zinatoa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Ukienda kununua used usiishie kuangalia nje, nje wanapiga rangi ya silva. Inyanyue uitikise: ikigonga ndani kong kong kuta zimeachia, ikitoa sauti ya vumbi vumbi pamba imesagika. Chungulia na tochi ya simu upande wa kuingilia moshi, kama ni ya moja kwa moja utaona mwanga upande wa pili na utaona matundu ya bomba, yakiwa meusi ya masizi makavu sawa, yakiwa na unyevu wa oili ujue ilikuwa kwenye injini inayokula oili, inafaa ila inanuka. Pitisha kidole kwenye maungio ya chini maana kutu inaanzia chini ambako maji yanakaa. Pima tundu la kuingilia kwa futi, sio la kutokea, lile la kutokea ni urembo tu, unaweza kukuta ncha ya inchi 4 na ndani bomba ni milimita 50. Na kama imekuja na kile kizibo cha ndani kinachoshikwa na boliti moja nyuma usikitupe, kinapunguza sauti sana ukiwa na safari ya usiku au una mtoto mchanga garini, ila kinabana moshi kwa hiyo sio cha kukaa nacho ukiwa unakimbiza.

Mpya za dukani zenye ncha kubwa inayong'aa, zile za kufunga gari yoyote, bei nafuu na zipo nyingi. Ubaya wake hujui ndani kuna nini, nyingine pamba ni ya kuzugia. Kama bajeti ndo hiyo chagua iliyo ndefu na yenye tumbo nene kuliko fupi nyembamba, urefu wa tumbo ndo unaomeza kelele nzito.

Bomba zima, kuanzia nyuma ya masega mpaka mwisho

Hapa hela inaanza kuwa hela. Unabadilisha bomba la kati, rezoneta (kile kitumbo cha katikati kinachoua mvumo) na sailensa ya nyuma. Faida kwenye gari isiyo na turbo ni ile ile kidogo, inaonekana zaidi kwenye RPM za juu, kwa hiyo Altezza anayevutwa mpaka 7000 atasikia tofauti kuliko Allion ya 1.5 inayotembea kwenye 2000 siku nzima.

Chaguo ni mawili, kununua seti iliyotengenezwa kwa gari yako au kumpa fundi wa kuchomelea atengeneze. Wengi tunaenda kwa fundi, Dar ukienda Gerezani au Ilala unapata, na kusema kweli fundi mzuri anatoa kazi safi kuliko seti ya bei rahisi isiyokaa vizuri kwenye raba. Sema "fundi mzuri" ndo tatizo lenyewe. Angalia vitu viwili tu: kona na chuma.

Kona. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kubana, pale kwenye kona linabonyea na upana unapungua, kwa hiyo umelipia inchi 2 na robo ila kwenye kila kona una chini ya hapo. Kona nzuri ni zile zilizokunjwa upana ukabaki ule ule, zinauzwa kama vipande vilivyo tayari, fundi anavikata na kuviunga. Hizi ni ghali kidogo na kazi ya kuunga ni nyingi ila ndo zenyewe. Fundi akikwambia anakunja kwa kujaza mchanga ndani na kupasha moto, huyo ana ustadi, mwache afanye, akikwambia "itakaa tu" bila kueleza, ondoka.

Chuma. Hapa ndo watu wanapigwa. Kuna mafundi wanatumia bomba la fenicha au bomba la maji lenye zinki kwa sababu lipo na ni rahisi. La fenicha ni jembamba linatoboka. La zinki ni baya zaidi, zinki ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaomfanya fundi apate homa usiku, na pale pale alipochomelea zinki imeshaungua kwa hiyo kutu inaanzia hapo hapo. Omba chuma cha ekzosi chenye alumini juu yake au stenlesi. Na stenlesi nazo sio moja: ile ya 304 haishiki sumaku au inashika kidogo sana na inakaa miaka, ya 409 inashika sumaku na itabadilika rangi ikawa ya kutu kwa nje ila haitoboki upesi. Beba kasumaku kadogo ka friji mfukoni, fundi akisema "hii stenlesi ya 304" kagusishe tu bila maneno.

Kwanini nasisitiza chuma? Kwa sababu petroli ikiungua inatoa maji, na sio kidogo, lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Bomba likiwa la moto mvuke unatoka, ila mtu anayetoka Sinza kwenda Mwenge na kuzima, bomba halijawahi kupata moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye tumbo la sailensa yakichanganyika na asidi ya moshi. Ongeza chumvi ya hewa ya pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, sailensa ya chuma cha kawaida inaliwa ndani na nje kwa wakati mmoja. Mtu wa Dodoma au Nairobi anaweza kubana matumizi kwenye chuma, mtu wa pwani asibane. Na yale maji yanayodondoka asubuhi kwenye katundu kadogo ka chini ya sailensa sio ubovu wakuu, hako katundu kamewekwa makusudi, usimruhusu fundi akazibe.

Sasa mvumo. Hiki ndo kitu ambacho muuzaji hakuambii na ndo kinachofanya watu warudishe ekzosi ya zamani. Gari ikiwa kwenye mwendo wa safari, RPM 2000 mpaka 3000, mapigo ya moshi yanakuwa kama 67 mpaka 100 kwa sekunde na hiyo ni sauti nzito ambayo bodi ya gari inaipokea vizuri sana, kabini nzima inavuma, masikio yanaziba, abiria wa nyuma anaumwa kichwa. Mjini hutausikia. Utausikia barabara ya Morogoro, unatoka kwenye kibao cha 50 na tochi za trafiki unaanza kuvuta, ukifika 90 hivi unaanza uuuuuu, na ukikaa kwenye mwendo huo masaa mawili utajuta kuzaliwa. Mwenye station wagon au gari la mlango wa nyuma ndo anaumia zaidi, mwenye sedani buti inamsaidia kidogo.

Dawa ya mvumo ya kwanza ni kutotoa rezoneta. Mafundi wengi wanapenda kuitoa wanaweka bomba tupu, "hii haina kazi mkuu". Ina kazi, imepimwa kiwandani ili iue sauti hiyo hiyo. Kama bomba ni jipya, weka rezoneta ya moja kwa moja katikati, haibani moshi. Dawa ya pili ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linachomelewa kama tawi, mawimbi yanaingia yanagonga mwisho yanarudi na kufuta yale ya kwenye bomba kuu. Urefu wake kwa mvumo wa kwenye RPM 3000 ni karibu mita moja hivi, na kadri mvumo ulivyo kwenye RPM ya chini ndo tawi linazidi kuwa refu. Haligharimu sana maana ni bomba na kifuniko, kazi ni kupata nafasi ya kulipitisha chini ya gari.

Na nafasi ya chini nayo uiangalie. Bomba la inchi 3 pamoja na flanji zake (vile vibati vya kuungia kwa boliti) linashuka, na matuta yetu mnayajua, mengine yamejengwa na wananchi wenyewe usiku. Fundi apitishe bomba pale pale lilipopita la kiwandani, na flanji zigeuzwe boliti zisitazame chini.

Heda

Heda ndo ile manifodi ya mabomba manne marefu inayochukua nafasi ya manifodi ya chuma cha kumimina. Kati ya vitu vyote vya ekzosi kwenye injini isiyo na turbo, hiki ndo kinaweza kukupa nguvu ya kweli, kama kimetengenezwa kwa mahesabu. Kikitengenezwa kwa macho kinaweza kukupunguzia.

Aina ziko mbili. Ya 4-2-1, mabomba manne yanakuwa mawili halafu moja, na ya 4-1, manne yanaingia kwenye moja kwa mara moja. Injini nyingi za silinda nne za mstari zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo kwenye 4-2-1 unaunganisha 1 na 4, 2 na 3, silinda ambazo mapigo yao yako mbali kabisa kwa hiyo hayagongani. Matokeo yake ni nguvu ya katikati, RPM 2500 mpaka 5000, ambako ndo tunaishi. Ya 4-1 inatoa juu kabisa, raha yake ipo karibu na redilaini (kikomo cha RPM). Mwenye otomatiki ya gia nne anayekaa foleni ya Mandela akifunga 4-1 amenunua kitu cha uwanja wa mbio akakileta kwenye foleni. Altezza ya manyuo inayoamka kuanzia 6000, huyo anaweza kuitetea 4-1 mbele ya watu.

Tatizo la heda za bei ya chini ni flanji iliyopinda, haikai sawa kwenye silinda hedi, gasketi inaungua, inaanza kuvuja tik tik tik asubuhi injini ikiwa ya baridi. Hilo sio la kuchukulia poa, maana uvujaji wa mbele ya sensa ya oksijeni unaingiza hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kontroo boksi (kompyuta ya injini) kwamba mafuta ni kidogo, kontroo boksi inaongeza mafuta. Unajikuta una ekzosi ya kisasa na gari inakula mafuta kuliko mwanzo, halafu unalaumu plagi. Kabla ya kufunga weka flanji kwenye kioo au meza ya chuma iliyonyooka uone kama inacheza.

Wenye Subaru mna habari yenu. Ule mngurumo wa Impreza na Forester za zamani ambao mtu wa Nairobi anautambua akiwa chumbani unatokana na mabomba ya heda kutolingana urefu, mapigo ya upande mmoja yanachelewa kuliko ya upande mwingine. Legacy za Japani za kuanzia 2003 walishalinganisha, na injini ya FA20 ya turbo kwenye Forester na WRX za baadae turbo ikashushwa chini na mabomba yakalingana, mngurumo ukapotea. Kwa hiyo mwenye FA20 anayefunga heda isiyolingana ili apate sauti ya zamani ananunua sauti kwa kulipa na nguvu kidogo. Ni haki yake. Na mwenye EJ20 ya zamani anayefunga heda iliyolingana anaweza kupata nguvu kidogo na atapoteza ile sauti iliyomfanya anunue Subaru, alie mwenyewe.

Kutoa masega na kupiga stret

Hii ndo inayopendekezwa sana na ndo siipendekezi, sio kwa kuhubiri, ni kwa hesabu. Masega yakiwa mazima kwenye gari isiyo na turbo hayabani kiasi cha kutisha. Yakiwa yameziba au yameyeyuka, hapo gari inakosa pumzi kweli, inapanda Kitonga inahema, mtu anayatoa anaona gari imeruka halafu anatangaza kwamba masega ndo adui. Adui alikuwa masega yaliyokufa. Na yalikufa kwa sababu ya misfaya (silinda kukosa kuwaka) au injini inayokula oili ambayo bado ipo palepale.

Ukitoa kwenye gari yenye sensa mbili, ile ya nyuma inaona moshi haujasafishwa, inatoka kodi ya hitilafu P0420, taa ya cheki injini inawaka. Watakuwekea kispesa cha kuisogeza sensa ili idanganyike, wakati mwingine inafanya kazi, wakati mwingine taa inarudi baada ya siku kadhaa. Harufu nayo, ukiwa kwenye foleni kioo kimeshushwa unavuta moshi wako mwenyewe, monoksidi ya kaboni ambayo masega yalikuwa yanaigeuza. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali, ndo maana fundi anayekutolea bure anafurahi kuliko wewe.

Na stret kamili, bila masega bila sailensa, kwenye silinda nne isiyo na turbo ni kelele kavu isiyo na utamu. Kenya NEMA (mamlaka yao ya mazingira) wana kanuni za kelele toka 2009, Tanzania zetu za viwango vya kelele ni za 2015, trafiki akikusimamisha huna cha kujitetea. Mwenye kutaka sauti kubwa kwa siku mojamoja ni bora aweke valvu ya umeme kabla ya sailensa, unafungua kwa swichi, unafunga ukifika mtaani. Valvu za bei rahisi zinagoma kwa masizi na zinaanza kuvuja, ila ni bora hiyo kuliko stret ya kudumu.

Kwa wenye turbo

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi, tofauti ya presha kabla na baada yake ndo inayoizungusha, kwa hiyo kadri upande wa baada unavyokuwa wazi ndo inavyoamka haraka. Ule wasiwasi wa bomba kubwa kuua mwendo wa moshi hapa haupo, mapigo yameshavunjwa na turbo. Kwenye Forester au Impreza ya EJ20 kipande kinachobana ni daunpaipu, lile bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo lenye masega ndani. Weka la inchi 3 lenye masega ya kupitisha moshi mwingi, unganisha na bomba zima la inchi 3, na hapo hosipawa zinahesabika kwa makumi sio kwa moja moja.

Lakini usifunge ukaondoka. Moshi ukiwa huru valvu ya kupunguza presha ya turbo inaweza kushindwa kutoa moshi wa kutosha pembeni, busti (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini) inapanda yenyewe kupita ile iliyowekwa, mafuta hayatoshi, injini inaanza kugonga na pistoni za EJ hazina uvumilivu huo. Kwa hiyo bei ya daunpaipu uihesabu pamoja na bei ya kutuni (kurekebisha mipangilio ya) kontroo boksi na geji ya busti. Kama hela ya kutuni haipo, fanya bomba la nyuma ya daunpaipu tu kwanza, usiguse mbele.

Kwa hiyo ningekuwa na IST, Vitz, Raum au Allion ya 1.5, ningetafuta used ya Japani yenye kibati cha JASMA nyuma, bomba la kati naliacha, hela iliyobaki naweka kwenye tairi. Ningekuwa na Altezza ningeenda bomba zima la milimita 60 lenye rezoneta, heda ya 4-2-1 ikifuata baadae mfuko ukiruhusu, masega yakibaki. Premio ya 2.0 nayo bomba zima la inchi 2 na robo linamtosha, heda ni ya kufikiria mara mbili. Forester ya turbo, daunpaipu na kutuni kwa pamoja au nisifanye kitu. Probox ya kazi usiiguse jamani, iache ifanye kazi.

Na kabla ya yote hayo, kagua ulichonacho. Washa gari ikiwa ya baridi, mtu ashike kitambaa kinene azibe bomba la nyuma kwa sekunde chache, we pita chini usikilize, ikitoa pssss sehemu ina uvujaji, na palipovuja kwa muda utaona alama nyeusi ya masizi. Magari mengi yanayoletwa "kuboreshewa ekzosi" yana fleksibo (kile kipande cha bomba kinachopindika) iliyopasuka, raba zilizokatika na gasketi iliyoungua, na vitu hivyo vikibadilishwa gari inatulia na mwenyewe anaridhika bila sailensa mpya. Ukishafunga mpya, tembea nayo wiki hivi kisha rudi kwa fundi akaze boliti zote tena, chuma kikipata moto na kupoa mara kadhaa kinalegea, na akague kama bomba linagusa bodi mahali, maana kamlio kale ka kugonga gonga kwenye tuta watu wanakafukuzia kwenye shokapu mwezi mzima.